Soksi zisizopitisha maji kwa matope ya Rwenzori: nani anunue, za aina gani, na avae na kiatu gani?

Kijiwe cha Soli (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Naomba tujadili kwa kina hizi soksi zisizopitisha maji, zile ambazo mtaani tunaziita soksi za wotapruf. Safari ni mzunguko wa kati wa milima ya Rwenzori, Uganda, siku 7, mwisho wa Juni: kuingilia Nyakalengija, kulala Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, kupanda kilele cha Margherita, kisha kuzungukia Kitandara na Guy Yeoman. Wanaoijua njia wanajua kwamba kutoka John Matte hadi Ziwa Bujuku ni kinamasi, na kwamba kiangazi cha kule maana yake mvua imepungua, haijakoma.

Watu ni sita. Wawili wana buti za ngozi zenye utando wa Gore-Tex unaozuia maji, watatu wana viatu vyepesi vya kukimbilia milimani, vile vya kitambaa chenye matundu, na mmoja kasema atapiga gambuti mwanzo mwisho. Wote wanauliza kama wanunue hizo soksi. "Nunua tu, zinasaidia" halinitoshi kama jibu. Huko Uingereza jozi moja nzuri inakwenda pauni 30 hadi 50, na kwa hela hiyo mtu anapata gambuti, soksi nene za sufu, na chenji inabaki.

Zinafanyaje kazi, zinafeli wapi, za urefu gani, na kati ya hao sita nani hasa anazihitaji? Nawasilisha.

---

Mto Mubuku

Mkuu, tuanze na kinamasi chenyewe, maana wengi wananunua soksi bila kujua maji yatawaingilia wapi.

Kinamasi hicho kinaitwa Bigo. Bigo ya chini, ukitoka tu John Matte, imejaa mashina ya ndago yaliyosimama kama viti vya kunywea supu, kila kimoja peke yake. Kati ya shina na shina ni tope jeusi. Mtu anaruka kutoka shina hadi shina, akikosea mguu unazama mpaka shavu la mguu, na akikosea zaidi mpaka goti. Bigo ya juu ina njia ya mbao sehemu kubwa, kazi yake hapo ni kuteleza. Ukingo wa Ziwa Bujuku ndiyo pabaya kuliko pote: tope zito linalong'ang'ania kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Halafu siku ya kushuka kutoka njia ya Freshfield kwenda Guy Yeoman unakutana na vijito, mizizi na mawe yenye ukoga, maji yakitiririka juu ya njia ileile unayokanyaga.

Kwa hiyo adui hapa anatoka juu. Maji hayaji kupenya kitambaa, yanaingilia mdomoni mwa soksi. Soksi inayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu ni hela ya bure kwa Bigo. Inayofika katikati ya shavu la mguu inafaa kwa vijito na majani yenye umande. Inayokaribia goti ndiyo pekee inayoweza kushindana na tope la Bujuku, nayo si kila mara.

Na likishaingia, haliondoki. Utando unaozuia maji kuingia ndio huohuo unaoyazuia kutoka. Unatembea na ndoo mbili.

Ndiyo maana waongozaji na wapagazi wa kule wanavaa gambuti. Siyo umaskini, ni hesabu.

---

Naweka Kambi

Naweka kambi hapa.

---

Mbeba Mwavuli

Niongezee upande wa muundo, kwa sababu huku Uingereza na Scotland hizi soksi ni za kawaida kwa wanaotembea kwenye vinamasi vya mboji.

Soksi ina matabaka matatu. La nje ni nailoni iliyofumwa na spandeksi kidogo, kazi yake ni kulinda. La kati ni utando, mara nyingi wa poliurethani, mwembamba kama mfuko wa mkate. La ndani ni bitana inayogusa ngozi: sufu ya merino, akriliki, mianzi au poliesta. Wanaotengeneza wanajulikana: Sealskinz wa Uingereza, DexShell, Showers Pass, na makampuni mengi ya China ya bei nafuu.

Jambo la kwanza kuelewa: tabaka la nje HALIZUII maji. Linaloa chapachapa ndani ya dakika chache. Mtu akihisi baridi imekamata mguu anadhani soksi imevuja, kumbe ni maji ya nje yanavuta joto kupitia utando. Kabla hujalalamika, vua, ingiza karatasi ya chooni ndani, bonyeza kwenye vidole na kisigino. Ikitoka kavu, soksi ni nzima na tatizo lako ni joto: ongeza soksi nyembamba ya sufu ndani.

La pili ni jasho. Utando hupitisha mvuke kutoka kwenye joto na unyevu mwingi kwenda kwenye baridi na ukavu. Nje kukiwa na kiatu chenye matundu na upepo unapita, kazi inafanyika vizuri. Nje kukiwa na maji tupu kazi inapungua sana, ingawa tofauti ya joto kati ya mguu na maji bado husukuma kidogo. Nje kukiwa na mpira wa gambuti, mvuke hauna pa kwenda kabisa. Hapo umevaa mfuko ndani ya mfuko.

Sasa turudi kwa wale watu sita. Wenye viatu vyepesi ndio wateja halali: kiatu kinaingiza maji na kuyatoa, soksi inakinga mguu. Wenye buti za Gore-Tex wasinunue kwa ajili ya kuvalia humo buti zikiwa kavu. Utando juu ya utando unaongeza jasho tu. Wa gambuti asinunue kabisa.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye paketi, milimita 10,000 na kadhalika: hicho ni kimo cha maji ambacho kipande cha utando kilivumilia kwenye mashine. Hakisemi lolote kuhusu mshono wa vidole baada ya siku tano za kusuguliwa na mchanga. Usilipie zaidi kwa sababu ya namba hiyo.

---

Kandambili

Mimi napingana kidogo. Kwa nini mtu asivae soksi ya sufu, mfuko wa mkate juu yake, halafu kiatu? Shilingi mia mbili kazi imekwisha. Au soksi za neoprini za wazamiaji?

---

Mbeba Mwavuli

Mkuu Kandambili, mfuko unafanya kazi kwa saa moja au mbili, mguu ukiwa umetulia. Ukitembea unateleza juu ya sufu, unakunjika chini ya unyayo, na mkunjo ule ndio lengelenge. Halafu unachanika kwenye kisigino. Ila kwa kambini, kuvaa soksi kavu na mifuko ndani ya buti lililoloa ili ufike chooni, hakuna kinachoushinda.

Neoprini ni kitu kingine kabisa. Haizuii maji, kwani mishono yake mingi inavuja na mdomo uko wazi. Inashika maji machache karibu na ngozi, mwili unayapasha, na mguu unakuwa wenye majimaji lakini si wa baridi. Kwa mtu wa kuvuka mito siku moja ni sawa. Kwa siku saba mfululizo ngozi haitakubali, italainika na kubabuka.

---

Mama Mitumba Memorial

Wanangu, nyie mnaongelea pauni. Ngoja niwaletee za sokoni.

Hizi soksi zinakuja kwenye marobota na zinauzwa kama soksi za kawaida kwa sababu muuzaji hajui alichokamata. Utazitambua kwa mkono: ni nzito kuliko ukubwa wake, hazivutiki kama soksi nyingine, na ukizisugua kati ya vidole zinachakacha kama kuna karatasi ndani. Zinapatikana Memorial ya Moshi, Karume, Gikomba, na nyingi pia wageni wanawaachia wagumu (wapagazi) wakishuka mlimani. Kwa ya mtumba usinunue bila kuipima. Upimaji ni hivi.

Kwanza ingiza mkono mpaka kwenye vidole, ukunje ngumi, uvute taratibu. Bitana ikikufuata yote ikajikusanya, gundi imeachia kule mbele. Soksi ya namna hiyo hata kama haivuji, kila ukivua itatoka nje-ndani na kuirudisha ukiwa na baridi ya vidole ni mateso. Rudisha mezani.

Pili, pima upepo. Shika mdomo wa soksi ukiwa wazi, ipunge ijae hewa, ufunge na kuuviringisha mara tatu au nne kama unavyofunga mfuko wa unga. Endelea kuviringisha mpaka mguu wa soksi uvimbe. Nzima inakuwa ngumu kama puto. Isogeze shavuni: penye tundu utasikia kaupepo. Angalia zaidi kidole gumba, kisigino, na pale kifundo kinapokunjika.

Tatu, kama muuzaji ana ndoo, izamishe ikiwa imevimba. Mwanzoni povu dogodogo litatoka kila mahali, hilo ni la nailoni ya nje, subiri liishe. Ukiona povu linatoka kwa mnyororo, moja baada ya moja, mahali pamoja, hapo ndipo ilipotoboka. Tia alama kwa kalamu ya wino mzito. Soksi kulegea polepole bila mnyororo wa povu si ushahidi, huenda ni mdomo haujafungwa vizuri.

Tundu moja kwenye kisigino linazibika. Matundu matatu, itumie kushikia sufuria.

---

Kijiwe cha Soli

Mama shikamoo, ubarikiwe. Hilo tundu moja linazibwa na nini? Solusheni ya baiskeli inafaa?

---

Mama Mitumba Memorial

Marahaba mwanangu. Solusheni hapana. Ile imetengenezwa kushika mpira kwa mpira. Kwenye nailoni iliyofumwa inakaa juu kama ngozi na ikikunjwa mara mia mbili inabanduka. Supa gluu ndiyo mbaya zaidi: inakauka kama kioo na ncha yake itakuchoma mguu.

Tafuta gundi ya poliurethani, ile ya kuziba mishono ya mahema na suruali za kuvulia samaki majini, inabaki laini ikishakauka. Geuza soksi nje-ndani kama matabaka yameshikana vizuri, osha pale penye alama, kausha kabisa, paka tabaka jembamba upana wa shilingi mia, sukumia kwa kidole iingie kwenye bitana. Iache usiku mzima, saa 12 ni salama. Ukiipaka nene utatengeneza kokoto.

Na sindano isiguse. Kila pigo la sindano ni tundu jipya, utakuwa umeziba moja na kufungua ishirini.

---

Ukungu wa Teleki

Wazee, salamu kutoka Nanyuki. Mada inafanana kabisa na ile bogi (kinamasi) ya njia ya Naro Moru, Mlima Kenya, kati ya Met Station na bonde la Teleki, kwa hivyo nitachangia upande wa kuvaa. Soksi nzuri ikivaliwa vibaya ni soksi mbaya.

Makosa makubwa ni mpangilio wa suruali. Watu wanachomeka suruali ya mvua ndani ya soksi wakidhani wamefunga mlango. Maji yanateremka kwenye suruali kama kwenye bati, yanafika chini, yanaingia moja kwa moja kwenye soksi. Suruali lazima ikae NJE ya soksi, kama paa linavyozidi ukuta. Mpangilio wa kutoka ndani kwenda nje ni huu: soksi nyembamba, soksi ya wotapruf, suruali ya mvua, halafu gaita (kifuniko cha kitambaa kinachoziba mdomo wa kiatu na shavu la mguu). Mvua ikiwa nyingi kuliko tope, wengine huweka gaita chini na suruali juu. Tope likiwa jingi, gaita juu, kwa sababu inabana suruali isinase kwenye miti na inazuia mchanga usiingie kiatuni.

Huo mchanga msiudharau. Maji hayaharibu hizi soksi. Punje za mchanga kati ya kiatu na kisigino ndizo zinazosaga nailoni mpaka zinafika kwenye utando. Kila mkipumzika kando ya kijito, vua kiatu, suuza ndani yake, suuza na soksi ikiwa mguuni. Dakika tatu. Na kambini mtu asitembee na soksi pekee bila kiatu, hata hatua tano kwenye sakafu ya mbao.

Soksi zenye ukanda wa silikoni mdomoni zipo. Ukanda unagusa ngozi na kupunguza maji yanayoteremka. Kwa kijito cha kuvuka mara moja unasaidia. Lakini usiukaze kwa kamba wala raba ya pesa, utakata damu na mguu utapoa kuliko ungeloa.

---

Mto Mubuku

Hapo kwa kubana damu ndipo penye kosa la saizi pia.

Soksi hizi zinauzwa kwa makundi: ndogo 36 hadi 38, ya kati 39 hadi 42, kubwa 43 hadi 46, kubwa zaidi 47 hadi 49. Wa 42 mwenye mguu mpana yuko mpakani. Kwa soksi ya kawaida angechukua ya kati na kuivuta. Kwa hizi asivute: nailoni inavutika, utando hauvutiki kiasi hicho, na wanaovuta hupasua kwenye kidole gumba. Achukue kubwa na ajaze nafasi kwa soksi nyembamba ya ndani. Lakini ikizidi sana inajikunja juu ya vidole na kuleta malengelenge. Kipimo chake ni rahisi: ukivaa, kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako, si juu yake, na usiweze kubana zaidi ya mkunjo mmoja mdogo mbele ya vidole.

Kiatu nacho kipimwe jioni, miguu ikiwa imevimba, soksi zote mbili zikiwa mguuni. Kibaki upana wa kidole gumba mbele. Kikibana, toa soli ya ndani iliyo nene uweke nyembamba kabla hujafikiria kununua kiatu kingine. Na kucha zikatwe na kupigwa tupa siku mbili kabla ya safari. Kucha ya kidole gumba ndiyo inayotoboa soksi hizi kutoka ndani, kuliko mwiba wowote wa nje.

---

Nesi wa Kambi

Naomba niseme ya mguu wenyewe, maana naona tunalinda soksi kuliko ngozi.

Mguu unaokaa na maji baridi muda mrefu unaumia hata pasipo barafu. Joto la nyuzi 15 linatosha kama maji hayakauki, na dalili zinaweza kuanza ndani ya saa 10 hadi 14. Kwenye kinamasi cha zaidi ya mita 3,400 masharti yote yapo.

Kuna hali mbili zisichanganywe. Ya kwanza ni unyayo kuwa mweupe na kukunjamana kama uliofua nguo kutwa. Hiyo ni ngozi imelainika, usiku mmoja mkavu inarudi. Ya pili ni mguu kufa ganzi, kuchomachoma kama sindano, kuvimba, kuwa na mabaka meupe au ya kijivu, halafu ukipata joto unageuka mwekundu na kuuma sana. Huyo hatembei kesho. Mvue, umkaushe kwa kugusiagusia, miguu iinuliwe, ipate joto taratibu ndani ya mfuko wa kulalia. Usisugue, usimsogeze kwenye jiko, usimtie maji ya moto: mguu wenye ganzi haujui kwamba unaungua.

Soksi ya wotapruf haikuondolei hatari hii, kwa sababu jasho nalo ni maji. Aliyevaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni bila kuvua amekaa na maji saa nane. Saa ya chakula cha mchana avue, ageuze mdomo wa soksi apunge hewa, akaushe miguu kwa kitambaa, abadilishe ile nyembamba ya ndani. Jozi tatu za nyembamba kwa kila mtu, na jozi moja nene ya kulalia ambayo inakaa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa na HAITOKI nje ya kibanda hata mvua ikikatika. Miguu ipate saa nane kavu kila usiku.

Mafuta ya mgando kwenye vidole yanasaidia kupunguza msuguano, lakini kidogo, unono wa punje ya mchele kwa kila kidole. Ukijipaka kama mtoto wa kliniki, bitana inashika mafuta na mvuke haupiti tena.

---

Kandambili

Sawa nimeelewa, mifuko ya mkate naistaafisha. Lakini mbona hamjasema chochote kuhusu kukausha? Huko vibandani hakuna jua.

---

Ukungu wa Teleki

Ndiyo sehemu ngumu. Matabaka matatu yanakauka polepole sana, na kwa hali ya Bujuku tabaka la nje halitakauka usiku mmoja. Usipigane nalo. Pigania la ndani.

Usizikamue kwa kuzisokota, unabandua gundi. Zikunje ndani ya taulo dogo, simama juu yake, hesabu sitini. Kisha geuza nje-ndani, uning'inize chini ya paa usiku wa kwanza. Kama bitana bado ina maji, tia maji ya uvuguvugu kwenye chupa ngumu yenye mfuniko usiovuja, uivalishe soksi kama mguu, uweke kando ya mfuko wa kulalia. Ya uvuguvugu, si yaliyochemka. Karibu na jiko la mkaa hapana: utando na gundi vinakufa kwa joto kabla nailoni haijaonyesha dalili, na utajua umeziua siku ya pili ukiwa katikati ya tope.

Asubuhi unavaa nje ikiwa bado imeloa. Ni baridi ya dakika kumi tu, ukitembea inapoa makali.

Nyumbani ni kufua kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo. Jiki hapana, dawa ya kulainisha nguo hapana, pasi hapana. Fua ndani, geuza, fua nje. Tope likikaukia humo ni msasa.

---

Mbeba Mwavuli

Nimesahau jambo moja kuhusu wale wawili wa Gore-Tex. Buti la namna hiyo likishaingiwa na maji kwa juu, halitoi, na halikauki mpaka warudi Kasese. Kwa hao soksi ya wotapruf ina matumizi ya dharura: siku ya nne buti ni bwawa, wanavaa soksi kavu nyembamba, wotapruf juu yake, mguu unatengana na buti lililoloa. Jozi moja kwenye begi, si ya kuvaa tangu getini.

Ila njia bora zaidi ni buti lisiloe.

---

Mto Mubuku

Nilikuwa nakuja huko huko. Buti zao zifungwe kwenye mfuko usioingiza maji na zibebwe begini mpaka Elena, mita 4,541. Kutoka pale kwenda Margherita, mita 5,109, ni mwamba na barafu, wanafunga kreponi (meno ya chuma ya chini ya buti). Buti likifika pale limeloa, alfajiri ni mateso. Na kwenye barafu wotapruf ikae begini: jasho lililonaswa ndani ya utando likipoa saa kumi usiku linageuka baridi kali zaidi ya mvua yoyote. Pale ni sufu nene juu ya soksi nyembamba, basi.

Hivyohivyo kwa wanaouliza Kilimanjaro. Msituni Machame wakati wa masika, na viatu vyepesi, sawa. Usiku wa kilele hapana.

Wale watatu wa viatu vyepesi nao hawawezi kufunga kreponi kwenye vile viatu, kwa hiyo lazima wakodi buti za kilele. Wakishakodi buti, na Bigo ilivyo, mimi ningewashauri wote sita wavae gambuti kuanzia John Matte mpaka Bujuku. Viatu vyepesi na wotapruf ya karibu na goti viwe vya siku ya kwanza, ya pili na za kushuka.

---

Kijiwe cha Soli

Hapo nimeshiba. Kwa hiyo jozi tatu za wotapruf ndefu kwa wenye viatu vyepesi, mbili za akiba kwa wa Gore-Tex, wa gambuti hahitaji. Ila sasa mmenitwisha gambuti sita. Ndani yake wavae nini, na saizi gani? Wengi wanalalamika kisigino kinapanda na kushuka.

---

Mto Mubuku

Namba moja juu ya ile ya kawaida. Gambuti nyingi hazina soli ya ndani ya maana, kata moja kwenye godoro jembamba gumu au nunua ya sponji, ndiyo inayopunguza kisigino kucheza. Mguuni waanze na soksi ndefu za mpira wa miguu, zile za nailoni, juu yake soksi nene ya sufu. Nailoni inateleza ndani ya sufu, kwa hiyo msuguano unaishia kati ya soksi na soksi badala ya kwenye ngozi. Zote mbili ziwe ndefu kuliko gambuti, za nje zikunjwe juu ya mdomo wake kwa upana wa vidole vitatu, la sivyo ukingo wa mpira utachuna ugoko kufikia saa sita.

Maji yakiingia kwa juu, simama, egemea mti, inua mguu nyuma umwage, ukamue ile ya sufu, uvae tena. Ndicho ambacho soksi ya wotapruf haikuruhusu kufanya kirahisi.

---

Mama Mitumba Memorial

Na gambuti zipimwe kama soksi: mimina maji nusu, ziweke juu ya gazeti, subiri nusu saa. Nyingi za mtumba zimepasuka pale zinapokunjika juu ya vidole, ufa mwembamba kama unywele, kwa macho huuoni. Hapo solusheni na kiraka cha tyubu vinafaa, mwanangu, maana ni mpira kwa mpira.